Kriketi Kwenye Matanga ya Babu

Juma lililopita niliwaacha nikiwa mlangoni kwangu Mchinga, simu sikioni, ndala moja mguuni. Wengi mmeniuliza kama ile ya pili niliipata. Sikuipata. Tuendelee.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Imani, mama Naima, afisa ugani wa korosho. Nina diploma moja na mume mmoja. Mume anaitwa Nurdin, anafanya kazi kisiwani Songo Songo, nyumbani huja akikumbuka. Binti yetu Naima alimaliza shule mwaka jana, na anacheza kriketi. Hilo ndilo balaa lenyewe.

Mmekwisha kusoma jinsi mbuzi walivyokula wavu wa mazoezi, jinsi Naima alivyovunja kioo cha gari la mgeni rasmi, na jinsi mchujo wa kwanza ulivyompita akiwa kitandani na matubwitubwi, uso kama boga.

Sasa zile simu.

Ya kwanza ilitoka kwa Bwana Hyderali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lindi, ambaye ndiye aliyewafundisha Naima na wenzake kriketi.

"Mama Naima, mwalimu wa timu ya taifa amefika. Kesho kutwa asubuhi, mchujo wa mwisho. Anataka mrushaji mmoja tu kutoka huku kwetu. Asiyekuwepo, basi tena."

Kabla sijajibu ikaingia ya pili. Shemeji Hussen, kaka mkubwa wa mume wangu, yuko kijijini Kilangala.

"Shemeji, baba katutoka."

Nikakaa chini palepale kizingitini.

Mzee Likwata, baba mkwe wangu, ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyeipenda kriketi. Hakuielewa. Aliipenda tu. Naima alikuwa akimlindia mikorosho yake kwa mawe, na tumbili wa Kilangala walikuwa wakimjua kwa jina. "Mke wangu mdogo ana mkono," mzee alikuwa akisema. Na Bibi Fauzia, mkewe, alikuwa akijibu kutoka jikoni: "Mke mwenzangu huyo hata kupepeta mchele hajui." Ndivyo babu na bibi wanavyotaniana na wajukuu, hakuna wa kushangaa.

Nilipomweleza kwamba nchi changa katika kriketi siku hizi zinapandishwa hadhi, na kwamba mechi za wasichana wetu sasa zinahesabiwa duniani sawa na za nchi kubwa, mzee alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo zamani walikuwa wakicheza bure?"

"Walikuwa wakicheza, baba. Ila dunia ilikuwa haihesabu."

"Basi mke wangu aende upesi, kabla hawajaacha kuhesabu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Kwa wengine alisema mengi baadaye, hasa kuhusu bei ya salfa ya mikorosho.

Tulifika Kilangala asubuhi. Nililia ninavyojua kulia, nikasalimu wakubwa, kisha nikamtafuta Shemeji Hussen. Mimi jambo silikawizi.

"Shemeji, Naima ana shughuli Lindi kesho asubuhi."

"Shughuli gani?"

"Kriketi."

"Nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi hapa kuna aliyekufa."

Akarudi kwenye jamvi.

Alikuwa na haki. Kwetu mfiwa hatoki msibani mpaka matanga yaanuliwe siku ya tatu, majivu ya moto wa msiba yazolewe, watu waruhusiwe. Atakayeondoka kabla, hata akirudi na ng'ombe, atasemwa mpaka naye azikwe.

Nikamwendea Nurdin. Alikuwa ametoka kwenye boti, macho mekundu, shati limekauka chumvi.

"Baba Naima, sema neno. Ni binti yako."

"Mimi nasema kama walivyosema wazee."

"Wazee wamesemaje?"

"Bado sijawauliza."

Nikamwacha. Kwa Bibi Fauzia sikwenda kabisa. Alikuwa amekwisha kuingia chumbani kuanza eda yake ya miezi minne na siku kumi, na mwanamke aliyefiwa na mume jana huendi kumweleza habari za mpira.

Nikampigia Bwana Hyderali, nikamwambia Naima haji, tumefiwa.

"Pole sana. Nakuja."

"Kufanya nini?"

"Kukupa pole. Na huyu mwalimu naye atakuja kukupa pole. Akiwa hapo anaweza kumtazama mtoto mkono."

Niliona ni wazo zuri. Ndugu wasomaji, lilikuwa zuri kwa muda wa robo saa.

Pikapu ya Bwana Hyderali ilifika kabla ya adhuhuri. Akashuka yeye na kanzu yake. Upande wa pili akashuka kijana mrefu mwenye traksuti ya taifa, miwani ya jua, na raba nyeupe ambazo zilikuwa hazijawahi kukanyaga Kilangala. Huyo ndiye Klementi, mwalimu wa timu.

Akasalimu vizuri. Shikamoo kwa kila mzee, mkono kifuani. Wakamkaribisha jamvini, wakamuuliza yale anayoulizwa kila mgeni.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Dar es Salaam, mzee."

"Hakuna mtu wa Dar es Salaam. Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Mama yako ukoo gani?"

Klementi akautaja.

Jamvi zima likamgeukia. Kisha kutoka upande wa jikoni bibi mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele, msibani! Mgeni yeyote angedhani amepagawa. Sisi tulielewa.

Ule ukoo ni watani wetu. Watani wa mababu na mababu. Na mtani akifika msibani hajaja kutoa pole, amekuja kazini.

Mzee Sipriani, mkuu wa watani, alikuwa ameshafika tangu alfajiri. Alikuwa amevaa koti la marehemu mbele nyuma na anatembea akikohoa kikohozi cha marehemu, kile chenyewe, mpaka watu wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja. Aliposikia ule ukoo, akamkimbilia Klementi mikono wazi.

"Mwanangu! Kumbe tupo wengi! Mvueni viatu!"

Wakamvua raba. Sipriani akazivaa papo hapo. Zilimzidi, akazijaza nyasi.

Klementi akapewa jembe.

"Hili la nini?"

"Kaburi halijichimbi," Sipriani akamwambia. "Watani ndio wachimbaji. Wewe una mabega ya taifa, utaanza."

Klementi alimtazama Bwana Hyderali. Bwana Hyderali alitazama mikorosho.

Basi mwalimu wa timu ya taifa akachimba kaburi la baba mkwe wangu. Alichimba vizuri, nisiseme uongo. Ila viganja vya mtu wa michezo ni laini, na saa nane vilikuwa vimetoka malengelenge.

Nikampelekea maji. Nilikuwa na mpango.

"Mwalimu, unajua haki ya mtani msibani?"

"Mama, mimi sijui lolote. Nilikuja kutoa pole."

"Sikiliza. Mtani anaweza kuchukua kitu chochote kwa wafiwa, na hakuna anayeruhusiwa kukataa wala kukasirika. Anayekasirika anatozwa faini. Asubuhi wamechukua jogoo wa Shemeji Hussen. Yupo pale amenuna na hawezi kusema."

"Chochote?"

"Chochote."

Akatazama kule Sipriani aliko. "Basi nachukua raba zangu."

"Usiwe mjinga, mwanangu."

Akanitazama. Nikamtazama Naima, aliyekuwa anaosha vyombo. Akaelewa. Nikaondoka na kikombe changu.

Tukazika alasiri. Tuliporudi na watu kuketi kula, Klementi akaenda akalala kifudifudi mlangoni mwa nyumba, kama anavyofanya mtani anayedai chake.

"Mwalimu vipi, joto?" Shemeji Hussen akauliza.

"Nimechimba. Nataka ujira wangu."

"Sema, mtani."

"Nimemchukua Naima. Naondoka naye Lindi."

Watu wakaangua kicheko. Nurdin akacheka mpaka akakumbuka ni binti yake. Shemeji Hussen akafungua mdomo, akamkumbuka jogoo, akaufunga.

"Mtani kachukua," akasema. "Tutafanyaje?"

Nilikuwa nimeshaanza kufunga kibegi cha Naima kichwani mwangu. Ndipo Mzee Sipriani akasimama na zile raba.

"Amechukua vizuri. Ila mwanangu huyu amekulia mjini, hajui. Mtani haondoki na alichochukua kabla hajazoa majivu."

"Majivu ya lini?" Klementi akauliza kutoka chini.

"Ya siku ya tatu."

"Mzee, kesho asubuhi nina mchujo! Kesho jioni natakiwa niwe njiani kurudi Dar!"

"Sikukatazi. Nenda." Sipriani akatazama miguu yake mwenyewe, nyasi zikichungulia kwenye raba. "Nenda tu."

Hapo ndipo nilipoipima kazi yangu. Asubuhi mtu mmoja alikuwa hawezi kwenda kwenye mchujo. Jioni walikuwa wawili, na wa pili ndiye mwenye mchujo.

Bwana Hyderali akanawa mikono taratibu.

"Mwalimu hatoki. Msichana hatoki. Nitawaleta wale wengine hapa."

"Hapa msibani?" Shemeji Hussen akashtuka. "Mpira, msibani?"

"Nauliza tu. Mtani akileta upuuzi msibani, si ruhusa?"

Mzee Sipriani akasimama wima. "Si ruhusa, bwana. Ni wajibu."

Asubuhi pikapu ikarudi imejaa wasichana wa Lindi, wamejifunga kanga juu ya nguo za michezo kwa heshima ya msiba. Wa kwanza kuruka alikuwa Lightness, mpigaji wao bora, msichana mwenye mdomo mkubwa kuliko gongo lake la kupigia.

"Mama Naima shikamoo. Pole na msiba. Vijiti tumevisahau."

"Marahaba. Mnakuja kwenye mchujo bila vijiti?"

"Tulikuwa tunaimba."

Kiwanja hakikuwa shida. Mzee alikuwa na uwanja wa kuanikia korosho, umepigwa udongo wa kichuguu, mgumu kama sakafu. Bwana Hyderali aliinama, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasimama. Kisha akasema: "Wangu wa Lindi una nyufa."

Vijiti vikatafutwa, vile vitatu anavyovilenga mrushaji. Mchi wa jikoni, cha kwanza. Mpini wa jembe, cha pili. Cha tatu kikakosekana. Naima akaingia ndani, akatoka na bakora ya babu yake, akaisimika katikati.

Nilimwona Shemeji Hussen akiinuka kwenye jamvi.

"Naima. Weka chini huo mpira."

"Baba mkubwa, ni mchujo."

"Mchujo ni wa watani. Wao wana ruhusa ya upuuzi. Wewe ni mfiwa. Mfiwa hachezi."

Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Hata Sipriani hakubisha, kwa sababu kweli ndiyo hiyo. Klementi akamtazama Bwana Hyderali, Bwana Hyderali akanitazama mimi. Lightness akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya kawaida, "Yaani tumeuleta mchujo mpaka mlangoni kwake, na bado unampita."

Naima hakulia. Aliushika mpira kwa mikono miwili tu, akaitazama ile bakora.

Na mimi nikaitazama. Nikamsikia mzee kabisa. Mke wangu mdogo ana mkono.

Nina diploma. Jana kutwa nzima nilikuwa nafundisha mgeni wa Dar haki za mtani, na kumbe mtani mwenye haki kuliko wote alikuwa anaosha sufuria mbele ya macho yangu.

"Shemeji," nikaita. Sikupunguza sauti. Mimi sauti siwezi kuipunguza. "Mjukuu ni nani kwa babu yake?"

Shemeji akajifanya ananyoosha jamvi.

"Nauliza, Shemeji. Marehemu na huyu mtoto walikuwa nani?"

Shemeji Hussen alitafuta msaada jamvini. Hakuupata.

"Mtani," akasema.

"Sijasikia."

"Ni mtani wake!"

"Haya. Mtani arushe."

Mzee Sipriani akajipiga paja. "Imani, wewe ungekuwa mwanamume ungetuuza wote!"

Mpira wa kwanza wa Naima ulipita juu ya kichwa cha Lightness, ukapita juu ya mlinda vijiti, ukaingia kwenye sufuria ya mchuzi wa wafiwa. Jikoni wakapiga kelele. Sipriani akachungulia sufuriani.

"Nyama imeongezeka."

Shemeji Hussen alikuwa anatabasamu, na ukweli nilitaka kumpiga.

Ukaoshwa mpira. Naima akarudi nyuma mpaka kwenye mkorosho wa kwanza. Akakimbia. Mkono ukapanda ukiwa umenyooka kama mlingoti, ukashuka. Sikuuona mpira. Nilisikia tu mti ukigonga mti, na bakora ya baba mkwe wangu ikaruka ikizunguka hewani, ikaanguka karibu na jamvi, miguuni pa Shemeji Hussen.

"Nilikuwa sijawa tayari!" Lightness akapiga kelele.

"Ulikuwa tayari," Bwana Hyderali akamwambia. "Ulikuwa umefumba macho."

"Irudiwe!"

Ikarudiwa. Bakora ikaruka tena. Mara ya tatu ukaanguka mchi, Lightness akalitupa gongo na kwenda kuomba maji.

Wengine wakarusha, kila mmoja kwa zamu yake. Walikuwa wazuri. Ila wale wazee waliokuwa wamegeuzia mchezo mgongo sasa walikuwa wamegeuka wote, na kila mrushaji mwingine alipokosa, mmoja alikuwa akinong'ona: "Mpeni yule mke wa Likwata."

Klementi akaja katikati, peku, viganja vimefungwa vitambaa.

"Jana nilimchukua kwa utani," akasema. "Leo namchukua kweli. Naima, kambi inaanza kesho. Baada ya wiki mbili timu inasafiri. Kila mpira utakaorusha huko utahesabiwa."

Nurdin akafunika uso kwa kofia yake. Sikumsema. Kuna siku za kumsema.

"Na majivu?" Shemeji Hussen akauliza, lakini kwa unyonge.

Mzee Sipriani akakaa chini, akavua zile raba, akatoa nyasi, akamrudishia Klementi moja baada ya nyingine.

"Mwanangu umechimba, umechekesha, umeleta upuuzi mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona msibani. Kazi ya mtani umeimaliza. Majivu nitazoa mimi. Chukua chako uende, basi la Dar halimngoji mtu."

Sikuamini. Nikakimbilia kibegi. Kanga mbili, nguo za michezo, sabuni, chupa ya maji. Wasichana wakapanda pikapu wakiimba. Bwana Hyderali akawasha gari. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyetozwa faini, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia mambo haya, nilikuwa sina la kulalamikia.

Ndipo mume wangu akafungua mdomo.

"Mwanangu," Nurdin akasema, "kamuage bibi yako."

Kutwa mbili mtu hakusema neno la maana. Akachagua hilo.

Naima akaenda mpaka mlango wa chumba cha eda. Nikamfuata na kibegi. Ndani, Bibi Fauzia alikuwa amekaa mkekani, shuka jeupe limemfunika mpaka puani. Dirisha lake lilikuwa wazi, na linatazama uwanja wa korosho.

"Bibi, naenda. Nimechaguliwa."

"Nimeona."

"Nimekuja kukuaga."

"Nimesikia pia," Bibi Fauzia akasema, akinitazama mimi. "Mama yako alisema kwa sauti, Kilangala nzima ikasikia. Mjukuu ni mtani wa babu yake."

"Ndiyo, bibi."

"Alikuwa akikuitaje, babu yako?"

Naima akasita. "Mke wangu."

"Na mimi nilikuwa nikikuitaje?"

"Mke mwenzangu."

"Haya." Bibi akasogea, mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja. Akaipiga kwa kiganja. "Mume wetu amekufa. Mjane haendi Dar es Salaam. Ingia tukae eda."

Nyuma yangu Mzee Sipriani alikuwa ameshafika, na Shemeji Hussen, na nusu ya jamvi. Nikangoja wacheke. Hawakucheka. Utani ukiutumia asubuhi, huwezi kuukataa mchana, na kukasirika ni faini.

Nilitafuta tabasamu usoni pa mama mkwe wangu. Shuka lilikuwa limeishia puani. Macho yalikuwa yamelowa, lakini macho ya mjane yanalowa kwa mengi.

Nje honi ikalia. Ikalia tena, kwa muda mrefu.

Naima alimtazama bibi yake, akanitazama mimi. Kisha akainama kizingitini na kuanza kuvua raba zake ili aingie.